Lami ya Isiolo yataka dereva aliyefunzwa, si aliyefaulu mtihani tu

Mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari inapokamilika mwezi wa Novemba, vijana hurudi nyumbani kusubiri matokeo, kisha husubiri tena nafasi ya chuo. Kwa familia nyingi, za Isiolo zikiwemo, huo ndio msimu wa kumpeleka kijana shule ya udereva. Muda anao, hamu anayo, na mara nyingi ametimiza miaka 18, umri ambao sheria ya Kenya humruhusu kuendesha gari. Mzazi huuliza ada ni kiasi gani na leseni itatoka lini. Ni vyema aulize pia mambo mawili mazito zaidi: mtoto atajifunzia gari la aina gani, na nani ataketi kando yake leseni ikishatoka?

Isiolo ina sababu zake za kuuliza hivyo. Kwa miongo mingi lami iliishia hapa. Aliyekwenda Marsabit au Moyale aliingia kwenye vumbi na mawe, na mvua ikinyesha lori liliweza kukwama siku kadhaa. Madereva wengi wa kaskazini walilelewa na barabara hiyo. Kijana alianza kama utingo: akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akabadilisha tairi juani, akautazama mkono wa dereva kwenye gia kwa miaka, hadi siku alipopewa usukani penye uwanda mtupu. Gari halikuweza kukimbia hata likitaka. Kosa la mwanafunzi mara nyingi liliishia kwenye springi iliyovunjika.

Kisha lami ikasonga mbele. Kipande cha Isiolo hadi Merille, kilomita 136, kilikamilika mwanzoni mwa muongo wa 2010, na kufikia mwaka wa 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, karibu kilomita 500 kutoka mjini Isiolo. Biashara ilipata nafuu kubwa, na wagonjwa wakafika hospitalini mapema. Lakini shule ya utingo nayo ilianza kufifia. Leo kijana mwenye leseni ya juma moja anaweza kuupita mji, akaelekea Archers Post na kufikisha kilomita 110 kwa saa, huku mbele yake mifugo ikivuka kwenda kunywa maji.

Ngamia ndiye wa kuogopwa zaidi. Miguu yake mirefu huuinua mwili wake juu ya boneti, kwa hiyo gari likimgonga, uzito wote huangukia kioo cha mbele na paa. Usiku macho yake huwa juu ya mwanga wa taa za chini, na dereva anayetegemea kuona macho yakimeta huchelewa kumtambua. Saudi Arabia imelazimika kujenga nyua kando ya barabara zake kuu kwa sababu hiyo. Barabara yetu ya kaskazini imepita katikati ya malisho ya Waborana, Wasamburu, Wasomali na Waturkana, na mifugo ilikuwepo kabla ya lami. Dereva ndiye anayepaswa kujifunza.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani nchini, zinaonyesha kwamba mwaka wa 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,700, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la watembea kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ni watoto wetu, wawe nyuma ya usukani au kando ya barabara.

Tuanze basi na gari. Nyumba nyingi zenye uwezo zina Land Cruiser au pikapu kubwa, na baba hudhani kwamba gari gumu ndilo salama kwa anayeanza. Kwa kujifunzia, siyo. Gari refu humficha mtoto aliyesimama mbele ya boneti au nyuma ya tela. Ni zito, kwa hiyo huhitaji nafasi zaidi ili lisimame. Isitoshe, mbuzi akichomoka ghafla, anayeanza huvuta usukani kwa hofu, na gari la juu likivutwa hivyo katika kasi ni rahisi kubingirika. Funzo la kwanza la barabara ya kaskazini liwe hili: kanyaga breki kwa nguvu, usukani ubaki sawa.

Gari linalomfaa mwanafunzi ni dogo, jepesi, lenye vioo vinavyoonyesha vizuri nyuma na pembeni, na lenye mkanda wa usalama unaofunga sawasawa. Probox, ambayo wengi huitaja kwa woga, kimsingi ni gari zuri la kujifunzia: vipuri vyake hupatikana kila mahali na pembe zake huonekana. Sifa mbaya imetokana na mwendo wa wanaokimbiza miraa, maana jani likinyauka bei huanguka. Kijana ajifunze gari, asijifunze mwendo huo. Tairi pia zikaguliwe. Ubavuni kuna tarakimu nne za juma na mwaka wa kutengenezwa: 1219 ni juma la 12 la mwaka wa 2019. Kwenye joto la Isiolo, mpira uliozeeka hupasuka hata kama meno yake bado yanaonekana mapya.

Na liwe gari la gia za mkono. Anayefanyia mtihani gari la otomatiki hupewa daraja la B1, na leseni hiyo haimruhusu kugusa gari la gia. Kaunti hii huajiri madereva katika hifadhi za wanyama, mashirika ya misaada na ujenzi, na magari mengi ya kazi huko bado yana klachi. Kuna sababu kubwa kuliko ajira pia. Kutoka Timau kupitia Subuiga hadi Isiolo, barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Anayeshuka akiwa amekanyaga breki muda wote huzichemsha hadi zipoteze nguvu. Aliyefunzwa gia hurudi kwenye ya tatu au ya pili mapema, akaiacha injini ilizuie gari. Mteremko huo unapaswa kuwa sehemu ya mafunzo ya kila kijana wa hapa, akiwa na mkufunzi kando yake.

Sheria inataka mwanafunzi awe na leseni ya muda, mabango ya L mbele na nyuma, na mkufunzi mwenye leseni. Kumpa usukani mtoto asiye na leseni, hata kwa safari fupi ya dukani, ni kosa la mwenye gari pia, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hasara. Leseni ya muda nayo huhitaji kitambulisho cha taifa. Vijana wengi wa kaskazini wamecheleweshwa na upekuzi wa ziada, ambao Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir Februari 2025 kwamba umefutwa. Mzazi aanze safari ya kitambulisho mara mtoto anapotimiza miaka 18, asije akashawishika kumruhusu aendeshe bila karatasi.

Wasichana wasisahauliwe. Saudi Arabia yenyewe iliwaruhusu wanawake kuendesha magari Juni 2018. Familia isiyotaka binti akae peke yake na mkufunzi inaweza kuomba mama au dada aketi kiti cha nyuma. Hilo ni jambo la kupanga, si sababu ya kumnyima ujuzi.

Shule ya udereva humfunza kijana alama za barabarani, humpitisha kwenye ubao wa mji wa mfano anakosukuma kigari kwa kidole, kisha humpa saa chache barabarani. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ni msingi tu. Jimbo la New South Wales nchini Australia humtaka mwanafunzi aliye chini ya miaka 25 aandikishe saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi, 20 kati yake za usiku, kabla ya mtihani. New Zealand ilianzisha leseni za hatua kwa hatua mwaka wa 1987: dereva mpya huzuiwa kuendesha peke yake usiku wa manane au kubeba marafiki. Nchi hizo zilitambua kwamba miezi ya kwanza ya kuendesha bila msimamizi ndiyo yenye hatari kuu.

Kenya inapaswa kuwa na utaratibu kama huo. Kabla haujaja, familia inaweza kuuweka nyumbani, nao haugharimu chochote zaidi ya muda. Leseni ikitoka, mzazi au ndugu mwenye uzoefu akae kando ya kijana kwa miezi sita ya mwanzo. Waende Meru, waende Nanyuki, wapite sokoni siku ya mnada, waendeshe jioni mifugo inaporudi. Marafiki wasipande bado, na barabara kuu isiguswe usiku. Masharti hayo yasemwe kabla ya ufunguo kutolewa, na baba mwenyewe ayafuate: afunge mkanda, apunguze hadi kilomita 50 kwa saa mjini, aiweke simu mbali. Kijana amekuwa akimtazama dereva huyo tangu utotoni, na ndiye atakayemwiga.