Matabishi ya melini: kwa nini wanahesabu usiku

Mwenzetu mmoja wa kikundi alirudi mwezi uliopita kutoka Texas, alikokwenda kuona wajukuu wake kwa siku 60. Juma la tano, binti yake na mumewe walimwambia: Mama, utatubakilia na watoto usiku 4, sisi tunakwenda baharini. Akauliza kama kuna msiba. Hapana. Kama ni kazi? Hapana. Walikuwa wamebakiza usiku 3 tu ili wapande ngazi katika kampuni ya meli, na bei ilikuwa imeshuka juma lile.

Mama akabaki na wajukuu. Siku ya posho, tulipomaliza likelemba, alitueleza habari hiyo nusu akicheka, nusu akilalamika, maana nauli ya ndege ilimtoa jasho na siku zake kule zilikuwa za kuhesabu. Akatuomba tumtafutie jibu: hizo ngazi ni kitu gani, na zinamfaa nani? Wamama wengi hapa tuna watoto ng'ambo, kwa hiyo tumeona tuliandike wote tulisome.

Kwanza, tusahau meli tunazozijua sisi wa Kivu. Kutoka Bukavu hadi Goma unalipa tikiti, unavuka ziwa, unashuka na mizigo yako, basi. Meli wanazopanda wao ni hoteli inayoelea. Inaondoka bandari kama Miami au Galveston, inazunguka Bahamas au Mexico siku kadhaa, halafu inawarudisha palepale walipoanzia. Ndani mna vyumba, chakula, muziki, mabwawa ya kuogelea na walezi wa watoto. Mtu hapandi ili afike mahali fulani. Anapanda ili apumzike, na ndiyo maana kampuni inaweza kumwita tena na tena.

Chukua Royal Caribbean, kampuni kubwa yenye makao Miami. Mpango wake wa wateja unaitwa Crown & Anchor Society, na kuingia ni bure ukishasafiri mara ya kwanza. Kila usiku unaolala melini ni pointi 1. Ukichukua vyumba vile vya kifahari, usiku mmoja ni pointi 2. Anayesafiri peke yake na kulipia chumba kizima pia hupata 2. Safari ya kwanza inakupa ngazi ya Gold. Pointi 30 ni Platinum, 55 ni Emerald, 80 ni Diamond, 175 ni Diamond Plus, na juu kabisa kuna Pinnacle Club, pointi 700.

Tulikaa na kalamu tukahesabu. Mtu wa chumba cha kawaida anayetaka Pinnacle lazima alale melini majuma 100. Anayepata likizo ya juma moja kwa mwaka atahitaji miaka mia moja! Hata hivyo wako watu waliofika, wengi wao wastaafu wenye muda na feza.

Na wanapata nini? Ngazi za chini ni vitu vidogo: punguzo hapa na pale. Utamu unaanzia Diamond. Hapo mtu hupewa vinywaji 4 vya bure kila siku, na kuna sebule yao ambamo wengine hawaingii. Anayefika pointi 700 hupewa safari ya bure. Tena katika mpango huu ngazi yako haishuki, hata ukikaa miaka bila kusafiri. Hilo tuliliona jema.

Lakini kuna jambo lililotugusa zaidi, nalo ni jinsi kampuni inavyohesabu familia. Mume na mke wanaokaa nyumba moja wanashiriki ngazi ya yule aliye juu. Watoto walio chini ya miaka 18 wanapata ngazi ya wazazi. Nyanya hayumo. Hata akisafiri nao chumba cha pembeni, yeye anaanza na ngazi yake mwenyewe kutoka chini, na pointi za binti yake hazimsaidii kitu. Mwenzetu aliposikia hivyo alisema: basi hata kwenye karatasi yao mimi ni mgeni. Tulicheka, lakini hakucheka sana.

Kwa nini kampuni inatoa matabishi haya yote? Kila mama wa soko anajua sehemu ya jibu. Nyanya usizouza leo, kesho zimeoza. Chumba cha meli kinachoondoka bandarini kitupu hakiuziki tena. Na kumleta mgeni mpya kunataka matangazo ya bei kubwa, lakini yule aliyekuja jana anarudi kwa kukumbushwa tu. Sehemu ya pili ni ya werevu zaidi: tikiti si faida yote. Karibu theluthi moja ya mapato ya Royal Caribbean inatokana na yale watu wanayonunua wakiwa wameshapanda: pombe, kamari, intaneti, matembezi ya bandarini. Glasi 4 za bure zinaigharimu kampuni kidogo, na yule aliyefurahi nazo ataagiza ya 5 kwa dola zake. Tena melini humo kuna meza ya kuuza safari ijayo, unaweka arbuni kabla hujashuka, wakati moyo bado ni mtamu.

Wazo lenyewe lilienea kutoka kwa ndege. American Airlines ilianza mpango wake wa kuhesabu maili mwaka 1981, na wengine wakafuata.

Sasa, yule mwenye daftari la pointi ni nani? Ni kampuni. Kampuni nyingine ya Miami, Carnival, kwa miaka ilihesabu siku: siku moja pointi 1, na pointi 200 zilikufikisha Diamond. Mwezi wa 6 mwaka 2025 ilitangaza kwamba kuanzia 2026 itahesabu feza mtu anazotumia, na ngazi itapatikana kwa vipindi vya miaka 2. Watu waliokuwa wakichukua vyumba vya bei ndogo mara nyingi walilia, maana uaminifu wao ulikuwa wa siku, si wa dola. MSC nayo inakubali ngazi uliyopata kwa kampuni nyingine, jambo zuri, lakini pointi zake hufa ukikaa miaka 3 bila kusafiri nao.

Hatumlaumu binti wa mwenzetu. Anafanya kazi za usiku, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kulala mbele ya bahari. Tunachosema ni kwamba kama angekwenda kwa sababu amechoka, hesabu yake ni yake. Alikwenda kwa sababu ya usiku 3 uliobaki. Hapo kampuni ndiyo ilimpangia likizo, na ikampangia katikati ya ziara ya mama yake.

Mazungumzo yalitupeleka kwenye biashara zetu wenyewe. Mwanakikundi anayeuza sabuni alisema yeye pia ana daftari: ukinunua vipande 10, cha 11 ni chako. Tukamuuliza swali moja: bei ya mafuta ikipanda, waliofikisha 9 watapata chao? Alinyamaza kidogo, akasema hao atawalipa kwanza, ndipo abadilishe sheria kwa wanaoanza. Ameahidi kuja na daftari hilo siku ya posho inayokuja, na wauza unga wawili wameshaomba kuliona.