Safari ya Hundi na Siku za Kungoja

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kwamba mtu aliyepokea hundi amekwisha kulipwa. Mtu hutoka Ahero au Bondo, akaifikisha hundi yake benki mjini Kisumu, karani akaipiga muhuri, naye akaenda zake akiwa amekwisha kuzigawa fedha zile moyoni: hizi za mbolea, hizi za karo, hizi za mabati. Kumbe alichopokea ni barua tu. Hundi, ambayo wengi huiita cheki, ni barua ambayo mtu huiandikia benki yake akiiamuru imlipe fulani kiasi fulani cha fedha. Siku ile inapotiwa benki, barua hiyo bado haijasomwa na yule aliyeandikiwa. Na akiisha kuisoma aweza kukataa.

Ndiyo maana hesabu ya mwenye hundi huwa na salio la namna mbili. Salio la kwanza ni lile la maandishi, ambamo hundi iliyowekwa leo yaweza kuonekana mara moja. La pili ni la fedha zinazoweza kutolewa. Kati ya hayo mawili hupita muda, na muda huo ndio unaowaudhi watu na kuwafanya wamlaumu karani wa dirishani, ambaye kwa kweli hana mamlaka ya kuupunguza hata kwa saa moja. Benki yake inangoja jibu la benki nyingine kama vile mteja anavyongoja.

Desturi ya kubadilishana hundi ni ya zamani. Katika karne ya 18 makarani wa mabenki ya London walichoka kutembea kutoka mlango hadi mlango wakidai malipo ya hundi, basi wakaanza kukutana mahali pamoja, katika nyumba ya vinywaji, wakapeana hundi zao na kulipana tofauti tu. Ikiwa benki moja inadai 100 nayo inadaiwa 90, zinazolipwa ni 10. Kazi ya Nyumba ya Hundi ya Nairobi, ambayo mabenki ya Kenya huiendesha kwa pamoja, ni hiyo hiyo, na tofauti zile hulipwa katika hesabu ambazo mabenki yamewekeana katika Benki Kuu.

Hapo zamani hundi yenyewe, yaani karatasi ile ile, ilikuwa lazima isafiri. Mathalani mfanyabiashara wa Kisumu alilipwa kwa hundi iliyotolewa juu ya tawi la benki nyingine huko Homa Bay. Miji hiyo miwili iko kandokando ya ghuba moja ya ziwa, na motokaa ipitayo Ahero na Kendu Bay huenda na kurudi katika siku moja. Lakini hundi haikupita njia hiyo. Ilitiwa katika mfuko pamoja na wenzake, ikapelekwa Nairobi, ikakabidhiwa benki ya mwandikaji, ndipo mwandikaji achunguzwe: je, fedha zipo? Je, sahihi ni yake? Ndipo jibu lirudi. Siku nyingi zilipita, na kwa hundi za miji ya mbali na Nairobi juma zima halikuwa jambo la ajabu. Mvua ikiharibu barabara au mfuko ukikawia, mtu wa Kisumu alikaa akingoja habari ya fedha zilizokuwa ng'ambo ya maji tu.

Mwaka 1998 kazi ya kupanga na kuhesabu hundi katika Nyumba ya Hundi ilikabidhiwa mashine. Namba zile za umbo la ajabu zilizo chini ya hundi zimepigwa kwa wino wenye sumaku. Ndizo ziiambiazo mashine namba ya hundi, benki, tawi na hesabu ya mwandikaji. Kisha mwaka 2011 yakaja mageuzi makubwa zaidi: karatasi ilikoma kusafiri. Siku hizi benki iliyopokea hundi huipiga picha, na picha hiyo pamoja na zile namba hupelekwa kwa njia ya mitambo. Karatasi hubaki pale pale ilipowekwa. Muda ulipunguzwa hatua kwa hatua, na leo hundi iliyopokelewa mapema hujibiwa siku ya kazi inayofuata, iwe imetoka Mombasa au Mbita.

Yafaa maneno haya, siku ya kazi, yaangaliwe vema, maana ndipo hesabu za watu zinapopotea. Kila benki ina saa yake ya kufunga mapokezi ya hundi, nayo huwa mapema kuliko saa ya kufunga mlango. Hundi iliyofika Ijumaa jioni baada ya saa hiyo huhesabiwa kuwa ni ya Jumatatu, na jibu lake ni Jumanne. Jumamosi haimo katika hesabu hiyo, hata kama mlango wa benki u wazi. Muuzaji aliyepokea hundi Jumapili katika soko la Kibuye hana la kufanya ila kuitunza isikunjike wala kulowa. Na hundi iliyofutwafutwa isipokewe kabisa. Mwandikaji aandike nyingine.

Mageuzi hayo ni mema, lakini yameleta hatari moja ambayo wazee hawakuijua. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu hubeba fedha za mwendo wa namna mbili: za simu, zifikazo kabla ya kupepesa jicho, na za hundi, zinazolala usiku mmoja au zaidi. Walaghai wameiona nafasi iliyo katikati. Tuseme mkulima wa Nyando anauza ng'ombe wawili kwa Sh. 120,000. Mnunuzi mwenye adabu nyingi anatoa hundi ya Sh. 150,000, akisema ndiyo aliyokuwa nayo tayari, naye anaomba arudishiwe Sh. 30,000 kwa simu ili alipe gari la kubebea ng'ombe. Siku hiyo ni Ijumaa alasiri. Jumanne hundi inarudishwa kwa kuwa hesabu ya mwandikaji haina kitu. Ng'ombe wamekwenda, na zile Sh. 30,000 zilikuwa fedha halisi za mkulima. Angaliweza kumwambia mnunuzi yule kwamba ng'ombe watakula majani hapa hapa mpaka Jumanne. Mnunuzi wa kweli asingeona neno. Mvuvi wa Dunga ndiye mwenye shida zaidi, maana samaki hawangoji Jumanne, na kwa sababu hiyo hundi haikufaa kamwe katika biashara ya ufuoni.

Kuna na wazazi. Basari nyingi za karo hutolewa kwa hundi iliyoandikwa jina la shule, na mzazi akiisha kuisikia imetolewa hudhani kwamba deni limefutwa. Mhasibu wa shule hawezi kulifuta mpaka benki ijibu. Mzazi na aulize tarehe iliyowekwa benki, kuliko kugombana naye langoni.

Kwa malipo makubwa hundi haitumiki tena. Tangu Oktoba 2009 malipo ya Sh. 1,000,000 na zaidi hupitishwa katika mtambo wa Benki Kuu ulioanzishwa mwaka 2005, ambao hulipa siku hiyo hiyo, na yakiisha kulipwa hayarudishwi kwa kukosa fedha. Kwa hiyo mtu akileta hundi moja ya milioni mbili kununua shamba, iko sababu ya kumtazama mara mbili.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Jinai ya Kenya, katika kifungu 316A, humhesabu kuwa na kosa mtu atoaye hundi huku akijua kwamba hesabu yake haina fedha za kutosha, na adhabu yaweza kuwa faini, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote pamoja. Lakini hundi yenye tarehe ya mbele imetengwa na kifungu hicho. Aliyekubali kupokea mwezi wa Machi hundi yenye tarehe ya Juni amekubali ahadi ya deni, na ikirudi, njia yake ni kwenda kudai haki yake katika mahakama ya madai.