Hemu ya asali kwenye eafraya: soma hii kabla hujapokea oda ya Krismasi



Picha ya hemu ya asali inajiuza yenyewe. Nyama inang'aa, rangi kahawia, karafuu zimechomekwa juu kama vifungo vya shati. Ukiiweka stetasi katikati ya Desemba, oda zitaingia tu. Shida ni kwamba oda hizo zinaweza kukuachia hasara huku unafurahia, na zinaweza kukupotezea wateja wako wa kuku na korosho kwa siku moja. Tuyaongee yote, na upishi wenyewe tutaufikia.

Tuanze na jambo ambalo video za mapishi za Marekani hazilisemi, kwa sababu wapishi wale haliwahusu. Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati mpaka vijiji vya mdomo wa Ruvuma, hii ni pwani, na jirani zako wengi ni Waislamu. Kama eafraya (lile jiko la umeme linalopika kwa upepo wa moto) ndiyo hiyo hiyo unayopikia kuku wa asali na korosho za oda, ukitia nguruwe mara moja, kwa wateja wako hiyo imeshakuwa ya nguruwe. Usiniambie utaiosha. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kapu utalisugua, sawa. Je, koili na feni iliyo kule juu, mafuta yanakorukia na kugandia, utaisugua kwa udongo vipi?

Kwa hiyo hemu iwe na mashine yake. Na kisu chake, ubao wake wa kukatia, koleo lake, na deli lake la barafu. Funga utepe mwekundu kwenye kila kimoja, ili hata mdogo wako anayekusaidia asikosee. Kama mtaji hautoshi mashine mbili, mimi naona bora uiache hemu. Mteja wa kuku ananunua mwaka mzima, wa hemu utamwona Krismasi na Pasaka.

Halafu usifiche jina. Usiandike "nyama tamu ya asali" ukategemea mtu ataelewa mwenyewe. Andika nguruwe, au kitimoto, mchana kweupe. WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani aone stetasi yako, basi tengeneza orodha ya wateja wa hemu peke yao na uwatumie hao. Pasaka nayo iangalie kwenye kalenda: mwaka 2022, 2023 na 2024 iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Kumrushia mteja aliyefunga picha ya nguruwe saa kumi na moja jioni, hata kama hakuna sheria uliyovunja, jamani.

Haya, nyama. Hemu ya kiwandani ni paja la nguruwe lililokolezwa chumvi, na mara nyingi limeshaiva au kufukizwa moshi. Hiyo ukiipata, wewe unaipasha na kuipaka asali tu. Lakini wengi wenu mtaanza na paja bichi la bucha, na hapo pana kazi. Nunua bucha yenye nyama iliyogongwa muhuri wa mkaguzi. Ukikata ukaona vijifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, hao ni tegu. Rudisha, usibembelezwe na punguzo. Na nguruwe pori aliyeuawa shambani huko bondeni Ruvuma, anayeletwa usiku bila kibali wala ukaguzi, usimguse kabisa.

Kwa kipande cha kilo 1.5 kisicho na mfupa, chemsha lita 2 za maji na gramu 120 za chumvi, sukari vijiko vitatu vya chakula, karafuu na pilipili manga. Acha ipoe kabisa, ndipo uzamishe nyama, uiweke ndani ya friji siku mbili. Ndani ya friji, siyo kwenye ndoo jikoni. Chumvi kiasi hiki inatia ladha na kuifanya nyama iwe na majimaji, haiihifadhi. Rangi haitakuwa ya waridi kama ya kiwandani, itakuwa ya kijivujivu kidogo ndani, na mwambie mteja mapema. Ile rangi ya waridi inatokana na chumvi maalumu ya naitriti. Ni dawa inayopimwa kwa gramu chache sana, na ikizidi ni sumu. Usiijaribu kwa kukisia.

Siku ya kupika, suuza nyama, ikaushe kwa kitambaa safi, izungushie karatasi ya foili na uibane vizuri. Foili ikilegea feni inainyanyua mpaka kwenye koili. Weka nyuzi 160, saa moja. Muda huu ni wa kukadiria, kwa sababu mashine zinatofautiana na vipande vinatofautiana unene. Nunua kipimajoto cha nyama, kichome katikati kabisa, na usitoe mpaka kisome 71 au zaidi. Kwa mtu anayeuza nguruwe, kifaa hicho ni cha lazima kuliko hata taa ya kupigia picha.

Asali inakuja mwisho, na hapa ndipo wengi wanaunguza. Asali karibu asilimia 80 ni sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni fruktosi, inayoanza kuungua kwenye joto la chini kuliko sukari ya dukani. Ukiipaka tangu mwanzo, nje inakuwa mkaa chungu wakati ndani bado mbichi. Kwa hiyo nyama ikishaiva, fungua foili, mwaga mchuzi uliotoka, chora mistari juu kwa kisu na chomeka karafuu. Changanya asali vijiko vinne, haradali kijiko kimoja, na maji mazito ya ukwaju au ndimu. Mimi napendelea ukwaju, unakata ule utamu wa kukinaisha. Paka, rudisha kwa nyuzi 170 dakika nne, paka tena, dakika nne nyingine. Usiondoke hapo. Kati ya kung'aa na kuungua ni dakika moja tu.

Umeme ukikatika katikati, usiache nyama ndani ya mashine ukisubiri urudi. Hamishia kwenye sufuria nzito juu ya mkaa, funika, malizia huko, kisha asali utapaka umeme ukirudi. Ndiyo maana siku ya oda mkaa uwepo ndani.

Sasa hesabu. Tuseme bucha imekuuzia kilo kwa 12,000, nawe umetangaza hemu kwa 18,000 kilo, ukiona kuna 6,000 yako pale. Weka kalamu chini kidogo. Kilo 1.5 ni 18,000. Asali 1,000. Viungo na chumvi 800. Foili na kifungashio 800. Mashine ya wati 1,500 kwa dakika 70 inaweza kula mpaka uniti 1.75. Kama LUKU yako ni T1, ambayo uniti pamoja na kodi ni kama 356, hiyo ni shilingi 600 na ushee. Jumla 21,200. Lakini nyama iliyotoka haina tena kilo 1.5, maji na mafuta yameondoka, na ukipima utakuta kama kilo 1.1. Ukiuza 18,000 kwa kilo unapata 19,800. Umepika usiku kucha na umemlipa mteja 1,400 aile nyama yako.

Kilo moja iliyoiva imekugharimu karibu 19,300 kabla ya jasho lako na kabla ya boda. Chini ya 25,000 mimi nisingewasha mashine. Au uza kwa kipande, ukisema wazi kwamba uzito ni wa kabla ya kupika. Na kama uko D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, oda ishirini za hemu ni uniti 35 peke yake. Ukizidisha unaweza kuhamishiwa T1 na nyumba nzima ikalipa bei hiyo.

Malipo ya awali angalau nusu, kabla hujaenda bucha. Hemu iliyosusiwa tarehe 24 huwezi kumgeuzia mteja mwingine yeyote tu, kama ungefanya na kuku.

Kusafirisha: Desemba Mtwara joto ni kali, na nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa moja kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32. Wa mjini wapelekee ya moto, wale. Wa Masasi, karibu kilomita 200 kwa basi, ipoze kwenye friji usiku kucha, ipakie kwenye deli lenye barafu, na mwambie konda kilichomo ili asiipange pamoja na samaki wa watu. Maelezo ya kupasha yaandike kwenye kifungashio, pamoja na tarehe uliyopika na neno NGURUWE kwa herufi kubwa. Chini yake ongeza kwamba ina asali, isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.