Jua Lapata Wapi Moto Wake?

Mtu atokaye Sumbawanga akapitia Matai hata akawasili Kasesya, mpakani mwa Zambia, huwa amekanyaga njia nzima ushahidi wa kesi moja ya kale ya elimu ya falaki, ambayo swali lake ni hili: jua lapata wapi nguvu zake?

Katika karne ya 19 wako waliolidhania jua kuwa ni rundo la makaa. Lakini, kama vile wahunzi wa Kifipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, walivyojua fika kwamba moto hula kuni kwa hesabu, ndivyo Julius Mayer, tabibu wa Kijerumani, alivyokadiria akaona kwamba makaa yenye uzito wa jua zima yangeteketea kwa muda usiofika miaka 5,000. Ama Mto Kalambo, ulio jirani na Kasesya, una habari nyingine. Juu ya maporomoko yake, upande wa Zambia, wachimbuzi walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine kwa mikono ya watu, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba umri wake haupungui miaka 476,000, nao ulijulikana kwa kupima chembe za mchanga ulioyafukia, ambazo hutunza athari ya muda uliopita tangu zilipopigwa na jua mara ya mwisho; basi jua lilikwisha kuwaka zamani hizo, mbali kupita miaka 5,000 ya makaa.

Mayer akageukia vimondo viangukavyo juani, dhana isiyodumu. Yenye nguvu zaidi ilikuwa hoja ya Hermann von Helmholtz ya mwaka 1854, aliyoishikilia Lord Kelvin kwa ushupavu, kwamba jua lajikunja polepole kwa uzito wake lenyewe na kujikunja huko ndiko kutoako joto. Hesabu ilikuwa safi, nami naisifu hata leo; ila ililipa jua umri wa makumi tu ya mamilioni ya miaka, ilhali miamba ya Ufipa, nchi ipitwayo na njia ile ya Sumbawanga, iliyo ya ukanda wa miamba ya kale uitwao Ubende, ina miaka milioni 1,800 na zaidi.

Ndipo mwaka 1920 Arthur Eddington akapendekeza kwamba haidrojeni hugeuka heliamu katika kiini cha jua, na mwaka 1939 Hans Bethe akazifafanua hatua zake. Kila sekunde tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni hugeuzwa hivyo, na milioni 4 kati yake hutoka zikiwa nuru na joto.

Wapinzani hawakukosa. Raymond Davis alipozika tangi la lita 380,000 za dawa ya kusafishia nguo ndani ya mgodi wa dhahabu huko Marekani, ili anase nyutrino, yaani chembe ndogo mno zizaliwazo na mgeuko huo na kutoka juani, alipata thuluthi tu ya zilizotarajiwa, na wengine wakadai kwamba kiini kimepoa, au kwamba jua lawashwa kwa umeme utokao nje. Mwaka 2001 na 2002 maabara ya Sudbury, Kanada, ikathibitisha kwamba nyutrino hubadili aina zikiwa njiani, na jumla yake yaafikiana na hesabu. Kisha mwaka 2014 chombo cha Borexino, Italia, kikazipima zile za hatua ya kwanza kabisa ya kugeuka kwa haidrojeni, zitufikiazo kwa dakika 8 tu tokea kiinini, kikakuta kwamba nguvu zizalishwazo humo leo ni sawa na za nuru ituangazayo, ambayo nguvu yake ilikwisha kusafiri ndani ya jua kwa makumi ya maelfu ya miaka.