Mtambuu Urudi Uani

Hapa kwetu Pwani ziko harusi nyingi ambazo hazijakamilika mpaka sinia ya tambuu ipitishwe. Majani hupangwa yakapangika, uraibu ukawekwa kando, na wageni wakakirimiwa. Lakini mwulize mwenye shughuli majani hayo yamechumwa ua gani, naye atakujibu kwamba yamenunuliwa sokoni. Vijana wetu wengi wanalijua jani na mti wake hawaujui. Mimi naiona hiyo kuwa hasara.

Heshima ya jani hili si ya jana wala juzi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajashukia Mombasa na Kilwa, aliletewa sahani ya tambuu na popoo kutoka nyumba ya Sheikh wa mji. Alipewa majani kumi na popoo kidogo, kadhi akapewa kadiri hiyo hiyo, na yaliyosalia wakagawiwa wenzake na wanafunzi wa kadhi. Chakula kilikuja baadaye; tambuu ndiyo iliyotangulia kumwambia mgeni karibu. Msafiri huyo huyo ameeleza kwamba mtambuu hupandwa ukaparamia fito au minazi, na kwamba watu hawautakii matunda bali majani yake tu.

Na hivyo ndivyo ulivyo mpaka leo. Mtambuu ni ndugu wa mpilipili manga. Haujisokoti kwenye kamba kama mimea mingine itambaayo, bali hutoa vijizi kwenye vifundo vyake ukang'ang'ania gome la mti. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nao karibu na kisima, umeparamia mnazi, na kwake yeye hapakuwa na mgeni aliyesubiri mtu atumwe sokoni.

Kuupanda si kazi kubwa. Tafuta pando kutoka mti uliokomaa usio na maradhi, lenye vifundo vinne au vitano. Fukia vifundo viwili, vilivyobaki viache juu. Wakati wake ni pale mvua za mwaka zinapoanza, ili pando lishike kabla ya jua kurudi. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na uliweke karibu na mti wa kuegemea: mnazi, mzunze au hata nguzo ya mti. Kivuli ni lazima, kwani jua la kaskazi huyachoma majani.

Jambo linalowashinda wengi ni maji. Mtambuu unataka unyevu kila siku, lakini maji yakituama chini yake mizizi huoza na mti wote ukanyauka. Tena hauyapendi maji ya chumvi, nasi tunajua visima vyetu vilivyo. Bora maji ya mvua au ya mfereji. Anayekaa nyumba ya mjini isiyo na udongo, pipa lililotobolewa chini linamtosha. Ukishapanda juu vizuri, anza kuchuma majani makubwa ya chini pamoja na vikonyo vyake, na ncha uiache iendelee kupanda.

Sasa nije kwenye jambo zito, maana siwezi kuusifu mti huu nikanyamaza juu ya uraibu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikwisha amua mwaka 1985 kwamba kutafuna tambuu yenye tumbaku huleta saratani. Mwaka 2004 likachapisha uamuzi kwamba hata isiyo na tumbaku huileta, na kwamba popoo peke yake ni sababu ya saratani. Popoo pia hukakamaza nyama za kinywa hata mtu ashindwe kuufumbua mdomo. Ami yangu, ambaye uraibu haukumtoka shavuni, alifika mahali tonge la wali likawa haliingii. Kidonda cha shavu ndicho kilichomuua.

Basi atauliza mtu: kama ni hivyo, ya nini kupanda? Jawabu langu ni kwamba lawama kubwa ni ya popoo na tumbaku, wala si ya jani. Tambuu inunuliwayo imeshafungwa, huijui imetiwa nini. Jani la uani kwako unalifunga wewe mwenyewe, na la kutia ndani ni hiari yako. Kwetu nyumbani siku hizi hutia iliki, nazi iliyokunwa na kipande cha tende. Hakuna popoo, hakuna tumbaku, wala chokaa. Wazee walinung'unika mwanzo, wakasema hiyo ni tambuu ya watoto. Lakini sinia hurudi tupu, na mgeni huondoka amekirimiwa.

Mila yetu ni kumheshimu mgeni. Haikuwa mila yetu kumwua. Tukiacha mti ufe kwa sababu ya popoo tutakuwa tumepoteza viwili, na tukiacha popoo iendelee kwa sababu ya mila tutazidi kuzika watu wetu. Nawaomba wenye mitambuu ya zamani, hasa mama zetu, wasiwanyime jirani pando. Nawe msomaji, mvua za mwaka zikikaribia, bisha hodi kwa mwenye nao ukaombe moja.