Mabango ya Roma, Mashabiki wa Kaloleni

Aliyekulia Jericho, Makongeni au Kaloleni, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, miaka ya sabini na themanini hahitaji kuelezwa Trinita ni nani. Yule mvivu mwenye macho ya samawati, anayelala chali kwenye machela huku farasi akimkokota jangwani, pamoja na nduguye, lile jitu la ndevu linalowapiga watu makofi hadi wanapaa, walikuwa mali ya mtaa. Gari la sinema likipita mchana kutangaza kuwa jioni kuna picha uwanjani, kesho yake watoto walikuwa wakigombania nani awe stelingi.

Wengi walidhani hao ni Wamarekani. Terence Hill, aliyemwigiza Trinita, ni Mario Girotti, mzaliwa wa Venice mwaka 1939. Bud Spencer, yule nduguye, alikuwa Carlo Pedersoli wa Naples, mwogeleaji wa kwanza wa Italia kumaliza mita 100 mtindo huru chini ya dakika moja, aliyeshiriki Olimpiki za Helsinki mwaka 1952 kabla ya kujulikana kwa makofi. Hata mwongozaji wa filamu ya Trinita ya 1970, Enzo Barboni, alitumia jina la E. B. Clucher. Sergio Leone alikuwa ametangulia: nakala za kwanza za A Fistful of Dollars mwaka 1964 zilimtaja kama Bob Robertson, na Gian Maria Volonté akaitwa Johnny Wels. Biashara ilidai hivyo, kwani iliaminika kuwa mtazamaji hangelipia kumwona cowboy wa Kiitaliano.

Ukitaka kuona jinsi mchezo huo wa majina ulivyoendeshwa, tazama karatasi zilizosafiri na filamu. Kila sinema ilikuwa na mabango yake, picha za kubandikwa kwenye lango la ukumbi, na vijitabu vya kuwapa wahariri wa magazeti maneno na picha za kuchapisha. Waitaliano walizipenda kubwa. Fotobusta, ile picha ya rangi iliyobandikwa ukumbini, ilikuwa takriban sentimita 50 kwa 70, na chini yake ukingoni mara nyingi lilikuwepo jina la kiwanda kilichoichapa. Mabango yalichorwa kwa mkono na mafundi wa brashi kama Anselmo Ballester na Renato Casaro. Picha za magazeti zilikuwa nyeusi na nyeupe, na nyuma yake ndipo penye habari: muhuri wa mpiga picha, jina la kampuni, kipande cha karatasi iliyopigwa taipu na kugandishwa kwa gundi. Muhuri wa Tazio Secchiaroli, kwa mfano, unapandisha bei mara moja. Yeye alipiga picha mwongozaji Fellini alipokuwa akitengeneza 8½, na ni maisha yake na ya wenzake mitaani Roma yaliyompa Fellini mhusika Paparazzo wa La Dolce Vita.

Wakusanyaji wa Ulaya hutafuta karatasi safi, isiyo na tundu la pini wala mkunjo. Kwetu ningependa kipimo kiwe kinyume. Bango lililobandikwa Nairobi likapata matundu na vumbi lina thamani kuliko jipya lililolala kabatini Milano, kwa sababu linathibitisha kuwa filamu hiyo ilifika hapa. Kumbi zenyewe zimebaki majina tu. Odeon leo ni steji ya matatu. Globe ni mzunguko wa barabara ambao vijana wanaupita bila kujua kuwa ulipewa jina la sinema. Shan ya Ngara, iliyokuwa karibu na wakazi wengi wa Eastlands kuliko kumbi za kifahari za katikati ya jiji, sasa ni Sarakasi Dome. Tena, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1962 iliitaka bodi ikague mabango sawa na filamu zenyewe. Kwa hiyo hata picha ya bunduki mlangoni mwa ukumbi ilikuwa imepita mezani kwa serikali. Alama yoyote ya safari hiyo, iwe muhuri au tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, isisuguliwe.

Lakini kuna karatasi za sinema ya Kiitaliano zinazotuhusu kwa njia chungu zaidi, nazo ndizo ninazoona tumechelewa kuzikusanya.

Mwaka 1962 Michelangelo Antonioni alitoa L'Eclisse, filamu inayosifiwa kote duniani na iliyopata tuzo maalumu ya majaji Cannes. Usiku mmoja mhusika anayeigizwa na Monica Vitti anaingia nyumbani kwa jirani yake Marta, mwanamke aliyekulia Kenya. Kuta zimejaa picha za nyika na wanyama wa kwetu. Vitti anajipaka rangi nyeusi, anavaa mapambo, anashika mkuki na kucheza ngoma, mpaka Marta mwenyewe anamwambia aache. Kisha Marta anazungumza juu ya Waafrika wanaotaka kuwafukuza Wazungu, na kuwaita nyani. Mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu! Aliyeigiza Marta ni Mirella Ricciardi, mzaliwa wa Kenya mwenye baba Mwitaliano, yule mpiga picha aliyechapisha kitabu Vanishing Africa mwaka 1971. Picha za Vitti akiwa amejipaka rangi bado zinauzwa kwa wakusanyaji kama kumbukumbu ya mwigizaji mrembo. Katika mkusanyo wa Nairobi, picha hiyo ingestahili maelezo mengine: nchi iliyotundikwa ukutani ni ipi, na ilikuwa ikipitia nini mwaka huo.

Mbaya zaidi ni Africa Addio ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Walipiga picha Kenya wakati walowezi wakiuza mashamba na kuondoka, na waliruka kwa ndege juu ya Zanzibar wakati wa mapinduzi ya Januari 1964, wakarekodi maiti za waliouawa. Filamu ilieleza uhuru kama maangamizi, ikakemewa na Waafrika na Wazungu wengi. Mabango na picha zake zimesambaa kwa wakusanyaji. Waongozaji wanatajwa. Watu wetu waliomo ndani ya picha hawatajwi.

Hapo ndipo Eastlands ina nafasi. Kaloleni, mtaa ambao wazee husimulia kuwa mateka wa kivita wa Kiitaliano walishiriki kuujenga, una maktaba iliyokarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na iko ile ya Makadara. Kazi yao imehusisha pia kuhifadhi nyaraka za maktaba ya McMillan kidijitali. Magazeti ya zamani yana kurasa za matangazo ya sinema, siku baada ya siku, ukumbi kwa ukumbi. Mkusanyaji angeanzia hapo, ajue filamu gani ya Kiitaliano ilionyeshwa wapi na lini, kisha ndipo atafute bango lake mtandaoni au kwa wauza vitabu wa barabarani.

Utunzaji wala si wa gharama. Usiguse picha kwa kidole kitupu, shika ukingo. Sellotape ni sumu, huacha doa la kahawia lisilotoka. Mifuko ya plastiki laini nayo hunata kwenye picha, bora bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Usiweke sanduku sakafuni wala chini ya mabati yanayovuja. Andika nyuma, kwa penseli laini, ulipoipata na aliyekusimulia.

Kazi hii ya mwisho haiwezi kungoja. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita 80. Picha za Africa Addio zilizopigwa Kenya zichapwe nakala, zipelekwe kwenye meza za Kaloleni na Makadara, wazee waitwe na kuulizwa: huyu ni nani, na hapa ni wapi? Jina likipatikana, liandikwe nyuma ya picha pamoja na la mzee aliyelitaja.