Muuguzi wa Angani na Hesabu ya Pumzi

Watu wengi wasikiapo kwamba mgonjwa mahututi amechukuliwa kwa ndege kutoka Juba au Mogadishu kupelekwa Nairobi, au amevushwa bahari kutoka Dar es Salaam hadi Chennai, hudhani kuwa muuguzi aliyefuatana naye hana kazi ila kumpa dawa kwa saa zake na kumliwaza. Na ijapokuwa hayo nayo yamo, sehemu iliyo ngumu zaidi ya kazi yake aghalabu huwa imekwisha kabla ndege haijaondoka ardhini.

Sababu ni hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani yake haiwi nzito kama ya pwani, bali hulingana na ile ya mlimani, kwenye kimo cha futi 6,000 hadi 8,000, na kila hewa iliyofungika mahali hutanuka. Atokaye usawa wa bahari huongezewa kiasi cha theluthi moja. Mtu mwenye siha haoni taabu yoyote ila masikio kuziba, lakini aliyevuja hewa kati ya pafu na mbavu, au aliyepasuliwa tumbo juzi, au aliyevunjika fuvu hewa ikapenya ndani, huyo theluthi hiyo yaweza kumwua. Kwa hiyo muuguzi hutaka kuiona picha ya kifua kwa macho yake, hutaka hewa hiyo itolewe kwanza, na ikiwa hapana budi kusafiri, humwomba rubani aruke chini zaidi, jambo linalokula mafuta na pengine kulazimisha kutua njiani. Mgonjwa wa Nairobi, ambako ardhi yenyewe iko kwenye futi 5,500 hivi, ana nafuu kidogo kuliko wa Mombasa.

Hata vifaa vina hila zake. Mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni una kifuko kidogo cha hewa kiushikiliacho. Ndege ipandapo kifuko huvimba kikaubana ukuta wa koromeo, ishukapo hunywea kikaacha pumzi ivuje, basi muuguzi hukaa na kipimo mkononi, akipunguza kwa bomba la sindano wakati wa kupanda na kurudisha wakati wa kushuka. Kusikiliza kifua hakufai kitu kwa mngurumo wa injini. Hutazama kifua kinavyoinuka, rangi ya midomo, na tarakimu za mashine.

Kisha iko hesabu ya oksijeni, ambayo mimi naiona ndiyo roho ya fani hii. Mtungi wa lita 680, kwa mgonjwa avutaye lita 4 kwa dakika, hudumu dakika 170, yaani hautimizi saa tatu. Na safari haianzii uwanjani, bali kitandani, nayo haishii ila kitandani, pamoja na foleni ya barabarani na afisa wa pasipoti asiye na haraka. Muuguzi mwenye hadhari hujumlisha yote hayo, kisha akaongeza akiba.

Elimu hii si ya jana. Jeshi la Marekani lilihitimisha wauguzi wake wa kwanza wa ndege huko Bowman Field, Kentucky, Februari 1943. Na Nairobi, mwaka 1957, madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees wakaanzisha huduma ya kuwafuata wagonjwa kwa ndege. Majina ya wapasuaji na marubani yamehifadhiwa vyema. Ya wauguzi, kwa bahati mbaya, ni machache tuyajuayo.

Wafikapo, muuguzi hamwachi mgonjwa mlangoni. Husimama na mwenzake wa hospitali ya pili, wakazihesabu dripu moja moja na kuisoma karatasi ya safari, ambayo huandikwa kwa majira ya mahali pamoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Maana Chennai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu, na mgonjwa wa kisukari aliyekwisha dungwa insulini angani anaweza kudungwa tena, ikiwa mpokeaji atasoma saa ya Dar es Salaam akidhani ni ya kwao.